Kabati la Chui Milia

Launceston
Jumapili, 5 Mei 2013

Merrin mpendwa,

Najua msuluhishi alilitoa daftari hili kwa ajili yako na Callum, baada ya zile meseji zenu za matusi, na kwamba kila Jumapili ya kubadilishana linatakiwa lisafiri ndani ya begi la Tilda likiwa na habari za mtoto tu. Lakini umekaa na Callum miaka sita, unajua yeye na kalamu haviivi. Safari iliyopita aliandika, "Amekula. Yuko sawa." Basi nimeonelea niandike mimi. Mtoto wa miaka minne anayeishi wiki mbili kwako na wiki mbili kwetu anastahili maneno zaidi ya matatu.

Habari yenyewe ni hii: chumba cha nyuma, kile nilichokuwa nikiwekea bidhaa za duka, nimekimaliza kukisafisha, kitakuwa chake. Nimeuza fanicha za kale miaka kumi na tisa, ingekuwa aibu mtoto wa nyumba hii alalie mbao za maranda. Nimempatia kitanda cha chuma cha miaka ya 1920 kutoka shamba moja la Longford. Nafasi za fito zake nimezipima moja moja, kichwa cha mtoto kisije kikapenya. Nimempatia kiti kifupi cha mbao nyeusi. Na kabati la droo tatu la msonobari wa Huon, mti adimu wa kisiwa hiki chetu, rangi ya asali, ambalo ukivuta droo chumba kizima kinanukia. Tilda alitia kichwa kwenye droo ya chini akakataa kutoka.

Naomba uniambie anapenda pazia za rangi gani. Nataka akiingia ajione yuko kwao.

Wako,
Imogen


Geeveston
19 Mei

Imogen,

Mimi si mpendwa wako, tuanzie hapo. Na kwao ni hapa. Huko anakuja tu.

Alirudi siku ile pale kwenye bekari ya Ross, tunapokabidhiana, nikamnunulia pai, tukaendesha saa mbili na nusu, na tulipofika nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye droo zake za plastiki. Akatia pua. Akaniuliza, "Mama, mbona zetu zimekufa?" Nikamwambia hazijafa, hazikuwahi kuishi, zilinunuliwa dukani na watu wenye akili zao. Akacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikaingia bafuni nikalia. Kama ulitaka kujua, ndiyo, nina wivu. Nywele zake zilinukia kabati lako. Niliziosha mara mbili.

Mimi nafunga matufaha kwenye makasha kutwa nzima, sina miaka kumi na tisa ya kunusa mbao. Lakini najua hiki: wewe unapenda vitu vilivyokwisha kutumiwa na wenzako. Hata mume wangu ulimchukua hivyohivyo, na mikwaruzo yake.

Pazia anapenda njano. Hapana, njano usiweke. Njano ni ya huku.

Merrin
(mama yake Tilda)


Launceston
2 Juni

Merrin,

Kuhusu mume, mimi nilimkuta amewekwa nje hana mwenyewe. Aliyemtoa nje na mifuko yake ni wewe. Usiache mbachao kwa msala upitao, ndivyo wasemavyo, lakini wewe mbachao uliutupa mvuani na sasa unauliza nani kaukausha.

Haya, turudi kwa mtoto. Pazia nimeweka za buluu.

Sikukusudia kukudharau kwa droo za plastiki. Ukitaka kumtafutia kitu kizuri mwenyewe, nitakwambia ninavyochagua, bure. Kwanza kisukume. Kikiyumba, kiache, au kifungwe ukutani, maana mtoto hupanda droo kama ngazi. Vuta droo uitazame pembeni: kama mbao zimeshikana kwa meno, kama vidole vya mikono miwili, hiyo ni kazi ya mkono. Kisha piga magoti. Mtaka cha mvunguni huinama, na ukweli wa fanicha uko mvunguni na mgongoni, mahali ambapo muuzaji hakupiga vanishi. Mwisho, mpe mtoto dakika tano peke yake na hicho kitu. Akikisemesha, nunua.

Tilda hajambo. Katika kitanda chake anajilalia peke yake kama jiwe, wala haamki. Nadhani amezoea.

Imogen


Geeveston
16 Juni

Imogen,

Ulisema nisukume, nivute, nipige magoti. Nimefanya yote. Tazama picha niliyobandika.

Jumamosi ya tarehe 8 kulikuwa na mnada wa kufunga shamba huko juu ya Franklin. Mzee amefariki, watoto wako Bara, ng'ambo ya maji, kila kitu kimepangwa kwenye nyasi kwa mistari: matrekta, mapipa, vyungu vya kukojolea usiku, meno ya bandia ndani ya glasi. Tilda alikuwa juu ya mabega yangu. Mwisho wa mstari wa nne akaanza kunipiga mateke kifuani. "Nishushe! Nishushe, kuna mnyama!"

Ni kabati dogo, urefu wa kifua changu, droo nne. Jirani wa mzee akanihadithia. Lilitengenezwa wakati ule wa njaa, mwaka 1932, na baba mmoja asiyekuwa na kazi, kwa ajili ya binti yake. Kila droo kaichora mnyama. Juu kangaruu, halafu posamu wa mitini, halafu wombati wa mashimoni, mnene kama mjomba wangu, na droo ya chini kabisa ni chui milia wetu wa kisiwa hiki, yule mnyama kama mbwa ambaye hayupo tena duniani. Mgongo una mistari, mdomo umepanuliwa. Jirani akasema waliwindwa kwa mbwa mpaka wakaisha, lakini baba yule aliwahi kumwona mmoja hai kabisa akivuka kijito, akaja nyumbani akamchora siku hiyohiyo. Rangi ni kijani na maziwa, imepasukapasuka kama tope kavu.

Tilda alipiga magoti bila kuambiwa. Akamwambia chui milia, "Usiogope, mimi sina mbwa." Basi nikanyoosha mkono. Palikuwa na bwana mmoja mwenye kofia ananifuatafuata kwa dau, nikamkazia macho mpaka akatazama viatu vyake.

Sasa asubuhi akiamka anafungua droo zote nne na kuwasalimia. Habari za kabati lako la asali sijazisikia wiki nzima.

Merrin
(mama yake Tilda)


Launceston
30 Juni

Merrin,

Picha nimeitazama kwa miwani na bila miwani. Hongera. Tilda hapa hazungumzi kingine. Jana nilimwonyesha nyumba ya midoli iliyokuwa ya binti wa gavana, akasema, "Nzuri, Immy, lakini haina chui."

Kwa kuwa uliniomba ushauri, au nilikupa bila kuombwa, nitakuwa mwongo nikinyamaza sasa. Rangi hiyo si ya fundi. Ni ya mkulima aliyekuwa na makopo yaliyobakia. Watu wa kazi yetu wakikuta kitu kama hicho, jambo la kwanza ni kukivua rangi. Kwa upana wa mbao za ubavuni, nashuku chini ya ule ukijani umejificha msonobari wa Huon, tena wa umri mkubwa kuliko wangu. Msasa mkavu, mkono mwepesi, siku tatu nne. Ukishafika kwenye mbao utaona asali, na harufu yake utaisikia kabla ya kuiona.

Ni shauri tu. Ukipenda kubaki na wanyama wa katuni, mtoto hana neno. Watu wengi hawaoni tofauti.

Imogen


Geeveston
14 Julai

Imogen,

Nimevua.

Sikutaka unitangulie kwa kitu chochote tena, wala useme nilikuwa na dhahabu ndani nikaiacha imevaa matambara. Mvua haikukatika wiki nzima, nje hapakufaa, kwa hiyo tulifanyia kazi chumbani kwake, mlango umefungwa baridi isiingie. Tilda alikuwa na kipande chake cha msasa. Alisugua kwa bidii, ulimi nje, kijani mpaka kwenye kope. Kwa chui milia alilia kidogo, nikamwambia chini yake kuna asali. Chui nilimwachia siku mbili zaidi, halafu nikamalizia mwenyewe.

Harufu bado haijatoka. Labda inahitaji jua.

Tumbo linamsumbua tangu juzi na hali chakula vizuri. Mpe supu. Akinuna, mwache.

Merrin


Geeveston
Jumatatu, 29 Julai
(kwa posta)

Imogen,

Jana nilisimama mbele ya bekari ya Ross kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa saba mchana, nimeshika pai mbili. Ilipopoa ya kwanza nikanunua nyingine. Callum hakuja, hakupokea simu. Leo nimepata barua ya wakili wake, na ndimo nilimojifunza kwamba mwanangu amepimwa damu na kukutwa na madini ya risasi, yale waliyokuwa wakichanganya kwenye rangi zamani, mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa. Wakili anasema nilimfungia mtoto ndani ya chumba cha sumu na kumpa msasa mkononi. Anasema Tilda atakaa kwenu mpaka mahakama iamue, na Callum ataomba akae moja kwa moja. Anasema daftari la mawasiliano litapelekwa kwa hakimu, maana mwandiko wangu mwenyewe unakiri.

Ni kweli unakiri. Nimeandika kijani mpaka kwenye kope. Nililiandika kwa fahari.

Nimepiga simu kliniki, nimezungumza na muuguzi nusu saa. Amesema imegundulika mapema, amesema watoto wengi hushuka wakiondolewa kwenye vumbi. Amesema mtu aliyemleta alikuwa mwanamke, aliyefika naye mbio Jumatatu ya tarehe 15 asubuhi kabla mlango haujafunguliwa, akaugonga mpaka wakafungua. Kwa hilo nakushukuru. Neno hilo nimelikata na kuliandika upya, lakini nakushukuru.

Unajua chini ya rangi kulikuwa na nini? Makasha. Mbao nyembamba za makasha ya mafuta ya taa, na muhuri wa kampuni bado unasomeka kwenye droo ya chini, mahali alipokuwa chui. Msonobari wa Huon haukuwemo hata kijiti. Nilikaa sakafuni nikatazama muhuri ule nikasema, Merrin, umemfuta mnyama wa mwisho kwa sababu ya pua yako.

Umeshinda. Una kabati, una mume, na una pazia za buluu. Nakuomba kitu kimoja, na sijawahi kukuomba kitu. Ongea na Callum. Mimi nikikosa wiki zangu mbili sina kitu kingine. Nafunga matufaha, narudi, nakaa. Niambie angalau kama anakula.

Merrin


Penguin
Jumanne, 6 Agosti

Merrin,

Anakula. Mpaka siku niliyoondoka alikuwa anakula, na tumbo limetulia.

Nakuandikia kutoka nyumbani kwa dada yangu, katika mji huu wa Penguin. Soma mpaka mwisho halafu unitukane.

Nilijua. Madini ya risasi sikuyajua, au niseme niliyajua kama ajuavyo kila mtu wa kazi hii, maana vijana wangu dukani huvua rangi nje, kwa maji na barakoa, na mimi ndiye ninayewagombeza wakisahau. Siku ile ninakuandikia halikunijia kichwani. Nimejiuliza kila siku kama halikunijia au nililizuia mlangoni. Lakini mengine yote nilijua. Nilipoitazama picha nilijua ni makasha ya mafuta ya taa, hata mtoto wa dukani kwangu angejua. Hakukuwa na Huon, nilikudanganya. Na nilijua ile rangi ndiyo kabati lenyewe. Katika kazi yetu, kitu kama kile kikija na rangi yake ya kwanza hakiguswi hata kwa kitambaa chenye maji. Ukikivua, umekiua.

Miaka kumi na tisa nimetafuta kitu kama kile. Nimezunguka minada, nimeingia mabanda ya kuku kwa magoti. Mtu aliyemwona chui milia akivuka maji, akamchora kwa mkono wake kwa ajili ya binti yake! Na wewe umekipata asubuhi moja, na buti zako za kazini, kwa kufuata mateke ya mtoto. Nililia kwa kijicho, Merrin. Halafu Tilda akasema nyumba yangu ya midoli haina chui. Nilichukua kalamu nikakuandikia ukivue, kwa lugha tamu, nikijua utavua kwa sababu ya kutaka kufanana na mimi. Nilitaka ukiue kwa mkono wako mwenyewe na usijue.

Nilipofungua daftari tarehe 14 na kusoma kwamba Tilda alisugua pia, mlango umefungwa, ndipo ile risasi ikanijia. Usiku ule sikulala. Mengine umeyasikia kwa muuguzi.

Callum hajawahi kulisoma daftari hili; habari za msasa alizisikia kwangu. Wakili alilitaka lote, na Callum akaniambia nikunje tu ukurasa wako wa tarehe 14, kurasa nyingine hazina haja. Jumamosi, tukiwa mezani, nilimsomea ukurasa wangu wa tarehe 30 Juni kwa sauti, na picha yako nikaiweka mbele yake. Aliniuliza mara moja tu, "Ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akaenda kuleta begi langu mwenyewe.

Daftari nimelitia ndani ya bahasha hii, lote, hakuna nakala. Ni lako. Mpe wakili wako, mpe hakimu, ukitaka libandike kwenye dirisha la duka langu.

Imogen


Geeveston
Jumatano, 18 Septemba

Imogen,

Barua hii nimeianza mara nne. Tatu za kwanza zilikuwa matusi matupu na nilizifurahia sana, hasa ya pili.

Nilimpa wakili wangu daftari. Alisoma, akavua miwani, akasema hajawahi kuona watu wazima wawili kama sisi. Kesi imeondolewa. Wataalamu walikuja na mavazi meupe wakafuta chumba, wakang'oa zulia, wakachukua kabati kwenye mfuko wa plastiki kama maiti. Damu ya Tilda imepimwa tena: imeshuka zaidi ya nusu. Daktari ameridhika, anataka kuiona tena Novemba. Tangu tarehe 25 Agosti, alipokwenda kwa baba yake baada ya kukaa nami siku chache, tumerudi kwenye wiki mbili mbili, kama zamani.

Sijakusamehe. Nataka uelewe hivyo kabla sijaendelea. Ulinilenga mimi ukampiga mtoto. Na mimi nilitaka kukushinda wewe nikampiga yeye huyohuyo. Kila nikimwona anaramba kidole namkimbiza bombani.

Uliposema umefukuzwa, nilifurahi. Wiki nzima ya kwanza niliimba kazini mpaka wenzangu wakauliza nimepata bwana. Nilichokuwa nikikiomba kila Jumapili pale Ross, ndicho hicho nilichopewa: wewe usiwepo.

Basi Jumapili iliyopita yuko mezani anakula mayai, akaniuliza, "Immy amekufa kama chui?" Nikamwambia hajafa, yuko Penguin. Akasema, "Basi nani atalala chini?" Sikumwelewa. Nikamwuliza, akanieleza. Kwamba huko kwenye kitanda cha chuma hakuwahi kulala peke yake hata siku moja. Alikuwa akilia, ananiita mimi, na wewe ulikuwa unatandika blanketi sakafuni, unaingiza mkono katikati ya zile fito ulizozipima, anaushika mpaka asubuhi. Wewe uliyeniandikia kwamba analala kama jiwe! Baba yake amejaribu, akakoroma, Tilda akamfukuza. Sasa anakaa macho kwa Callum wiki mbili, anarudi kwangu na mifuko chini ya macho.

Nilitaka kukasirika kwamba ulinidanganya. Kisha nikafikiri jinsi ulivyokuwa ukilala juu ya mbao, kila usiku unasikia ananiita mimi, na asubuhi unaandika kwamba hajambo. Nilisimama kwenye sinki na sahani mkononi, nikauonea wivu mkono wako. Bado nauonea.

Callum nimemwambia. Amesema mambo yenu ni yenu na hayuko tayari, lakini kama ni kwa ajili ya mtoto na mimi ndiye ninayesema, hatakuzuia kumwona. Mengine mtamalizana wenyewe, mimi si shangazi wa mtu.

Jumapili hii, tarehe 22, ni zamu yake kwenda kwa Callum. Njoo Ross, saa nne, kwenye bekari. Usimletee kitu cha zamani. Usimletee kitu chochote. Atakukimbilia, namjua, atadondosha pai yake njiani. Mimi nitakuwa ndani ya gari, vioo nimefunga, natazama upande wa kanisa, na nitahesabu mpaka ishirini polepole. Ikizidi hapo nashuka.

Merrin